Mwisho Nilioutia Mwenyewe

Duka langu lipo Mlandege, na ukifika hapo huna haja ya kuuliza. Utanisikia kabla hujaniona. Nje nimetundika spika mbili, na ndani ya spika nimo mimi: napigana, nalia, natongoza, naomba maji kabla ya kukata roho. Mzee ni mimi, kijana ni mimi, bibi harusi ni mimi. Shule niliachia darasa la tano. Wamenijia watu waliomaliza chuo kikuu wanataka kujua nimefikaje hapa nilipo. Nawavutia kiti, nawaambia wasikilize.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Mtu wa kazi hii kwetu anaitwa dijei, ingawa muziki mimi sipigi. Filamu inakuja na lugha yake, mimi nakaa juu yake na Kiswahili changu. Naeleza kinachotokea, nasema maneno ya kila mtu, na pale panapopoa nachomeka mzaha. Wengine walichukua za Kichina, wengine za Kizungu. Mimi nilichukua za Kitamil, za kusini mwa India, wakati ambapo mji mzima ulidhani zote ni za Kihindi. Watu walikuwa wakiziita "za kuruka", kwa vile mtu akipigwa teke moja anavuka mabasi matatu. Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa Unguja kwamba wale ni watu mbali na lugha yao mbali. Lugha yenyewe siijui. Sijawahi kujua hata neno la salamu. Naangalia mdomo, naangalia macho, naangalia mkono umeshika nini, basi naelewa. Nimefanya hivyo miaka kumi na saba na hakuna aliyenirudishia filamu akasema imekosewa.

Kuzipata si kazi. Filamu ikitoka kwao Ijumaa asubuhi, Ijumaa hiyo hiyo baada ya al-asiri mimi ninayo. Zipo tovuti zake, zinabadilisha majina kila wiki kama mtu anavyobadilisha laini za simu. Nakala ya mwanzo huwa imeibiwa ukumbini kwa kamera. Picha imekaa upande, vichwa vya watu vinapita mbele, na ukitega sikio utawasikia wenyewe wanapiga miluzi na kukohoa. Kuna kikohozi kimoja cha mtu wa Chennai kimesikika mpaka Mkokotoni. Nilikiacha makusudi. Watu walikizoea, wakawa wanakingojea.

Wapo waliokuwa wakiniambia, "Huu si wizi?" Nikiwajibu, "Sikuiba mimi. Nimeikuta ishaibiwa." Jawabu hilo lilinitosha miaka yote. Siku hizi nikijiuliza sipati kitu, si ndiyo wala la. Ni kama kujigusa shavu baada ya sindano ya daktari wa meno. Unajua shavu ni lako kwa sababu liko kwako.

Filamu ninayotaka kuieleza haikutoka ukumbini. Ilikuja safi, picha kama kioo, lakini juu yake kulikuwa na namba zinakimbia, na katikati maandishi hafifu yasiyotoka. Muziki hakuna. Mtu anatembea, hatua zake huzisikii. Nilijua pale pale kwamba hii imetoka chumbani kwa watengenezaji wenyewe, imechukuliwa haijaiva. Kwetu sisi hiyo ni dhahabu, maana hata watu wa kwao hawajaiona. Nikaingia stoo yangu niliyoibandika magodoro kuta zote nne, nikafunga mlango, nikaanza kazi.

Haikuwa ya kuruka. Ni mama mmoja mjane, anauza maua mlangoni mwa hekalu. Mwanawe mmoja tu, na huyo amekwenda mbali kutafuta kazi. Mama hana simu. Kuna jirani mwenye duka, na simu za kijana zote zinapigwa pale. Siku moja simu inalia. Jirani anapokea, anasikiliza muda mrefu, kamera imemkaa usoni. Upande wa pili inasikika sauti ya mwanamme, kidogo tu. Kisha jirani anatoka, anavuka njia, anamwambia mama maneno mawili matatu, na mama anaruka kwa furaha mpaka kikapu cha maua kinamwagika. Mimi nikasema kilichokuwa wazi mbele ya macho yangu: aliyepiga ni mtoto, anakuja kwa sikukuu. Nani asingesema hivyo? Mama akapika, akapaka nyumba chokaa, akavaa nguo yake ya maana akenda kituo cha mabasi. Basi likaja, vumbi likatimka. Hapo picha ikasimama, na zile namba za juu zikasimama nayo. Hapakuwa na kitu tena.

Nilitafuta kipande kilichobaki kwenye tovuti zote ninazozijua, nisikipate. Dijei mwengine angeiachia hapo, watu wakamtukana. Mimi siachi kazi nusu. Niliigandisha ile picha ya vumbi dakika nne nzima, nikatia muziki wangu, nikamshusha mtoto kwenye basi kwa mdomo. Nikaeleza alivyokonda, alivyokamata sanduku, alivyokuwa akimtafuta mamake katikati ya watu. Kisha nikasema kwa sauti ya kijana, "Mama, nimerudi." Mama akalia, na anayelia ni mimi, ndani ya magodoro, saa tatu ya asubuhi, huku nje wachukuzi wanapakua mchele. Nilijisikiliza nikajipenda. Na leo bado nasema, kwa kazi ya mdomo mtupu hakuna dijei aliyefika pale.

Filamu ikaenda. Wanawake wa Darajani, wa Amani, wa Fuoni walikuja na flashi zao wanaitaka ile ya mama wa maua. Waliona picha imesimama, hawakujali. Walikuwa wanasikiliza.

Nakala moja niliipeleka Mpendae kwa dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa sijaota meno ya pili, yeye keshaolewa. Alinichukua pamoja na godoro langu. Leo anakaa kwenye nyumba niliyomjengea mimi, tofali juu ya tofali, hakuna mkono wa mtu mwengine pale. Kisukari kimemchukua macho yote mawili. Ulimi kimemwachia. Filamu zangu anazisikiliza zote, na mimi ananiita Kasuku.

"Kasuku, leo umekufa mara ngapi?"

"Mara nne, dada."

"Basi kula, utakuwa umechoka."

Mwanawe, mpwa wangu, alikwenda kufanya kazi kwenye meli ya uvuvi ya wageni. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu. Halafu wakala aliyempeleka akatwambia kwamba kijana alishuka bandari moja huko mbali kwenda kununua vocha, meli ikamngoja, hakurudi. Tukauliza bandarini, hawajui. Tukauliza melini, hawajui. Wakala naye akazima simu. Ikapita miaka minne. Aliacha mke, na mke huyo ndiye anayekaa na dada, anamkosha, anampiga sindano yake ya asubuhi, anampikia. Ana miaka ishirini na sita. Mume hana, talaka hana, na mjane si mjane.

Tulikwenda kwa Kadhi. Kadhi akasema muda umetosha: kijana atahukumiwa kuwa amekufa, mke akae eda yake, ikimalizika ende na maisha yake. Mkaza mwana, yule mke mwenyewe, akakataa kuichukua karatasi hiyo mpaka kwanza nyumbani isomwe hitma na mume asaliwe, na mama mtu aridhie kwa kinywa chake. "Sitaki nimzike mume mlangoni na mamake anamngoja ndani," alisema. Tukakaa na dada, tukazungumza siku nyingi, mwisho akaridhia. Ilibaki kuchagua siku tu.

Wiki hiyo ndiyo niliyopeleka flashi. Sikufikiri kitu. Kila filamu mpya nampelekea.

Siku ya pili yake dada akanipigia. "Hitma hamsomi," akasema. "Mwambie mwalimu wa Kurani akae na wanafunzi wake chuoni."

Nikenda Mpendae. Nilimkuta barazani, miguu ameinyoosha, anachambua mchele kwa vidole.

"Kuna nini, dada?"

"Nimemsikia mwanangu."

"Umemsikia wapi?"

"Kwenye basi."

Nikakaa chini. Inabidi nieleze jambo moja hapa. Mimi na mpwa wangu tulikuwa na sauti moja. Tangu ya kwake ilipovunjika akiwa na miaka kumi na nne, watu walikuwa wakituchanganya kwenye simu, hata mkewe, hata dada mwenyewe. Nilipomfanya yule kijana wa basi nilitumia sauti yangu ya ujanani, na sauti yangu ya ujanani ndiyo yake. Sikukusudia. Niliichagua kwa kuwa ilikuwa karibu.

"Dada, ile filamu."

"Najua filamu. Mimi nna upofu, sina wazimu. Mtoto wa watu kashuka kwenye basi lao huko. Lakini yule mama hakumsomea mtu hitma. Alikaa, akapika, akapaka chokaa, mtoto akaja. Nyinyi mnaniharakisha nini? Mnagombania nini, nyumba?"

"Nyumba nimeijenga mimi, dada."

"Basi nyamaza."

Mkaza mwana alinisindikiza mpaka kwenye gari. Gari ni yangu, mpya, ilikuwa imezungukwa na watoto. Akawafukuza, kisha akasema taratibu, "Mjomba, mimi nliona. Picha ilisimama. Vumbi tu, dakika nne."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Alikuwa anacheka. Tangu mwanawe apotee sijamsikia akicheka vile." Akaangalia mikono yake, ilikuwa na unga. "Mwambie weye. Wewe ndo uliyesema."

Sikumwambia. Nilijipa sababu. Nilisema, labda kweli kijana anarudi. Labda kipande kilichobaki kipo mahali, na ndani yake yupo, anashuka na sanduku lake kama nilivyosema mimi. Mimi nimeotea mara ngapi nikapata? Nikihakikisha hilo, basi sina neno na dada. Nikakaa nalo wiki tatu. Dada akamwambia mkaza mwana atoe kitanda cha mwanawe nje, kipigwe jua, kamba zikazwe. Mkaza mwana akakitoa. Mimi nilikiona nilipopita, kimesimamishwa ukutani, nikapiga honi nikaendelea na safari yangu.

Kule Bwejuu kwenye hoteli moja kuna fundi wa viyoyozi, Mtamil mwenyewe wa kuzaliwa. Nilimjua kwa sababu siku moja alikuja Mlandege kununua vifaa, akapita mbele ya duka langu, akasimama, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilidhani ananisifu. Nikamtolea soda. Akanambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Huyu hapa anasema njaa. Wewe unasema vita." Nilimwambia anywe soda yake ende zake. Sikupenda.

Sasa nikamtafuta. Nilifika mchana, nikamkuta kwenye banda nyuma ya hoteli, kazungukwa na matumbo ya viyoyozi vibovu. Nikafungua kompyuta juu ya pipa. Alianza kwa kucheka, maana nakala niliyopeleka ilikuwa na mimi juu yake. Nikaizima sauti yangu, nikamwekea ile ya asili. Akaacha kucheka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

Ilipofika ile simu ya dukani, akanyosha kidole. "Huyu si mtoto."

"Nani?"

"Polisi. Polisi ya mji ule mbali." Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Anasema tumepata mtu amekufa. Saa yake ya mkono ina jina, basi wamejua. Anauliza, mama yuko hapo? Huyu wa duka anasema, hayuko, katoka."

"Halafu anakwenda kumwambia nini?"

"Anakwenda kusema, mtoto kapiga simu, atakuja sikukuu. Anaogopa. Ona mkono wake. Hawezi kusema."

Niliuona mkono. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo, unatetemeka kwenye kitasa cha mlango. Mimi nilidhani ni furaha.

"Na mwisho wake?" nikamwuliza. "Pale kituoni?"

"Mwisho hakuna."

"Hapa hakuna. Kwenu?"

"Kwetu hakuna. Dunia hakuna."

Akanieleza, kidogo kidogo, mengine kwa mikono. Kwao kila mtu aliijua habari ile. Filamu ilivuja kabla kipande cha mwisho hakijakatwa na kuungwa. Kufumba na kufumbua imo kwenye simu za watu. Wenye kumbi waliokuwa wameikubali wakajitoa mmoja mmoja, nani atakuja kukata tiketi kuona alichokwishakiona kitandani? Mwenye filamu akaiacha hapo ilipo. Vijana wa chumba cha kukatia picha walipelekwa polisi, wakaulizwa, wakaachiwa, na hakuna anayetaka tena kumpa kazi hata mmoja wao, kwa sababu haikujulikana nani aliyeitoa na kwa hivyo walikuwa wote. Yule mama wa maua ni mchezaji wa jukwaani, alizeeka akicheza pembeni, hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza uso wake kukaa katikati. Alishinda kwenye jua siku ngapi kwa ajili ya kile kituo cha mabasi, fundi hajui. Nyingi.

Halafu akaniambia kuhusu mji wake mdogo. Filamu mpya ikifika, ami yake alikuwa akibeba bango la shujaa pamoja na wenzake, wanalisimamisha mbele ya ukumbi, wanapanda ngazi na kulimwagia maziwa kwa heshima, ngoma zinapigwa, watu wamepanga mstari mpaka sokoni. Sasa ule ukumbi unawekwa magunia ya mbolea. Ami yake bado anapita mbele yake akienda dukani.

"Wewe filamu hii umeona wapi?" akaniuliza.

"Dukani kwangu."

"Watu wengi wameona?"

"Unguja nzima," nikasema. "Na Pemba. Na Tanga." Nilisema kama ninavyosema siku zote, kifua mbele.

Akatikisa kichwa pole pole. "Basi wewe una watu wengi kuliko wao."

Hakusema kwa ubaya. Alisimama, akairudisha ndoo mahali pake, akaendelea kufungua skrubu. Nilibaki pale nangoja nione haya, maana nilijua ni mahali pake. Haikuja. Niliona mtungi wa gesi wa buluu, niliona kuku anakunywa maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi, niliona kwamba fundi ana malapa yasiyofanana. Nikafunga kompyuta. Kurudi mjini sikufungua redio, na nilipofika Mlandege nikaona kwamba sikumbuki njia niliyopita.

Kesho yake asubuhi nikenda Mpendae.

"Nani?" akauliza dada.

"Mie. Shikamoo."

"Marahaba, Kasuku. Umekuja na mkate wa ufuta au umekuja na mdomo mtupu?"

"Mdomo mtupu."

"Basi kaa nao hapa."

Nikakaa. Kitanda kilikuwa kimerudishwa ndani, nilikiona kupitia mlango, kimetandikwa shuka.

"Dada, nimekwenda Bwejuu."

"Kuogelea?"

"Kuna mtu kule anaijua ile lugha."

"Nlidhani unaijua weye."

"Siijui."

"Miaka yote hii?"

"Siijui, dada. Hata neno moja."

Akacheka. Alicheka kweli, bega likimtikisika. "Mwanangu, njoo usikie! Kasuku hajui anachokisema!" Mkaza mwana akaja, akasimama mlangoni na beseni la vitunguu. Yeye hakucheka.

"Ile simu ya dukani," nikasema. "Hakupiga mtoto."

"Alipiga nani?"

"Polisi."

Kicheko kikamkatikia. Nikamweleza vile nilivyoelezwa, polisi, mji wa mbali, saa ya mkono, jirani anayesema mama hayuko naye yuko ng'ambo ya njia. Nilieleza vizuri. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sauti haikunitetemeka hata mara moja.

"Kwa hivyo jirani alijua," akasema dada.

"Alijua."

"Akamwacha mwenzake akapika. Akapaka chokaa."

"Hakuweza kusema."

"Muda gani?"

"Haionyeshi. Labda wiki."

"Wiki." Akageuza uso upande wangu, macho yake yale yasiyotua mahali. "Na mimi weye umeniacha muda gani?"

"Wiki tatu."

Mkaza mwana alikuwa ameweka beseni chini.

"Na kituoni?"

"Kituoni basi linakuja, vumbi, basi. Inaishia hapo. Iliibiwa kabla hawajaimaliza, wakaiacha."

"Iliibiwa, ikaja kwako."

"Ndiyo."

"Na yule aliyeshuka?"

"Nimemshusha mimi."

Alinyosha mkono hewani kumtafuta mkaza mwana, naye akaja akachuchumaa mbele yake, akaushika.

"Na weye, mwanangu, siku ile uliona nini?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi tu?"

"Vumbi tu. Limesimama."

"Hukunambia."

"Sikukwambia, mama. Nisamehe."

Dada akampapasa kichwa, kama anayetafuta kitu kilichodondoka kwenye nywele. Kisha akaniambia mimi, "Iseme."

"Niseme nini?"

"Alichosema aliposhuka. Hapa hapa, bila ya muziki wako."

"Dada, ya nini?"

"Iseme we mtoto, nshakwambia."

Nikainamisha kidevu, nikavuta pumzi ya tumboni, nikaipandisha sauti mahali pake. "Mama, nimerudi."

Mkaza mwana alishtuka, nilimwona. Dada alikuwa amenigeuzia sikio la kulia. "Tena."

"Mama, nimerudi."

"Tena."

Nikasema mara ya tatu. Ilitoka vile vile, haikupungua wala haikuzidi. Akainua kiganja, nikanyamaza.

"Ni yako hiyo," akasema. "Ina sigara ndani yake. Mwanangu hakuvuta."

Nyumba ya pili mtu alikuwa anatwanga kitu. Mkaza mwana akainuka na beseni lake akaingia jikoni, na baada ya muda nikavisikia vitunguu vikiingia kwenye mafuta. Dada alijipangusa uso na ncha ya kanga, akakunja miguu.

"Mwalimu yupo?" akauliza.

"Yupo."

"Mwambie Ijumaa, baada ya al-asiri. Wamsalie kwanza, kisha wasome. Na mwambie asilete watoto wengi, nafasi ndogo." Akageuzia uso upande wa jikoni. "Huyu akimaliza eda yake asije mtu akamwambia abaki kwa ajili yangu. Hata weye."

"Naam, dada."

"Na utaniletea mtu wa kunipiga sindano."

"Nitakuletea."

Filamu ile sikuifuta. Niseme kweli, bado ipo dukani, na bado wanaichukua. Nilifikiri niifute, nikafikiri nisiifute, na yote mawili yalikuwa sawa kwangu.

Nilitoka nje nikasimama karibu na gari, nikampigia mwalimu. Nikamwambia Ijumaa. Akasema Inshaallah, akatafuta kalamu, nikamsikia anavuta mtoto wa meza. Akaniuliza jina la marehemu, apate kuliandika walisome kwenye dua. Nikamtajia. Pale chuoni watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja kwa nguvu, akaniambia hakunisikia, nilirudie. Nikalirudia, na jina la babake, pole pole, huku namsikia anaandika.